Mhadhiri aliyekuwa nje ya grupu: uchambuzi wa kisa cha kutengwa kazini

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kilitokea katika chuo kikuu kimoja binafsi nchini Tanzania. Mkoa, fani na mwaka nimeviacha. Vyeo nimevibakiza, maana bila vyeo kisa chenyewe hakieleweki. Mhusika tutamwita Dkt. Rehema, na si jina lake. Ameyasoma maelezo haya na kuridhia yatolewe. Mkuu wa idara na amidi wa kitivo nao walisikilizwa, na pale maneno yao yanapogongana na ya Rehema nitasema.

Nimewalenga zaidi viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, maofisa rasilimali watu na wakuu wa idara. Hao ndio wanaoletewa mambo ya aina hii yakiwa bado mabichi, na ndio wanaoyarudisha mlangoni kwa kusema "nendeni mkayamalize wenyewe."

Usuli

Idara ilikuwa na walimu kumi na mmoja. Rehema aliingia akiwa mkufunzi msaidizi, akapanda kuwa mhadhiri msaidizi, kisha akaenda nje ya nchi kusomea uzamivu. Miaka minne baadaye alirudi na kukuta nusu ya idara ni sura ngeni, mkuu wa idara ni mwingine, na mambo mengi yaliyokuwa yakienda kwa barua sasa yanakwenda kwa simu.

Katika muhula wake wa kwanza tangu arudi, kwenye kikao cha idara cha kupitisha matokeo, aliomba kuona vitabu vya majibu vya majaribio ya somo moja. Alama za darasa karibu zima zilikuwa zimebanana mahali pamoja, aliyefanya vizuri na aliyefanya vibaya hawapishani kitu. Hakumtuhumu mtu, aliuliza vitabu viko wapi. Havikupatikana. Matokeo ya somo lile yakakwama, wanafunzi wakapanda hadi ofisi ya taaluma, na mwalimu wa somo akaandikiwa barua ya kujieleza.

Mwalimu huyo alikuwa kipenzi cha watu. Ndiye aliyekuwa akisimamia michango ya harusi, safari za mwisho wa mwaka na hata chai ya idara. Hakuna kikao kilichokaa kuamua Rehema atengwe, na hilo lishikwe tangu mwanzo, kwa sababu wote waliokuja kuchunguza baadaye walikuwa wakitafuta kikao hicho.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Kitu cha kwanza kilikuwa simu. Grupu la WhatsApp la idara, ambalo Rehema alikuwemo, lilinyamaza. Alidhani watu wamezidiwa na kazi. Jumatatu moja saa mbili asubuhi alifika ukumbini, mkononi kebo ya projekta na kalamu za ubao, akakuta mwenzake yuko mbele anafundisha somo jingine. Mwenzake alimtupia jicho, akaendelea kuandika. Rehema akabaki amesimama mlangoni mpaka simu yake ilipoita. Alikuwa CR, yaani mwakilishi wa wanafunzi wa darasa lake: "Dokta, sisi tuko Ukumbi B tunakusubiri. Kwani hukuona tangazo?" Wanafunzi walijua, mwalimu wao hakujua. Tangazo la kubadilishana kumbi lilikuwa limewekwa kwenye grupu jipya lililofunguliwa wiki kadhaa nyuma, lenye walimu wote wa idara kasoro yeye.

Ratiba ya muhula uliofuata ilimpa masomo matatu ya mwaka wa kwanza, yale ya madarasa makubwa ambayo vitabu vya majibu hubebwa kwa maboksi. Hakupewa somo hata moja la uzamili wala mwanafunzi wa tasnifu. Msomaji asiye wa chuo kikuu anaweza kuona hiyo ni kazi tu kama kazi nyingine. Kwa mhadhiri, usimamizi wa tasnifu ni sehemu ya sifa za kupanda cheo, na darasa la watu mia tatu linakula muda ambao ungeandikia makala. Anayekupangia ratiba anapanga pia utapanda lini.

Halafu fildi. Wanafunzi wanapokwenda mafunzo kwa vitendo walimu huwafuata mikoani kuwakagua, na kuna posho. Orodha ilitoka mara mbili bila jina lake. Mara ya kwanza aliambiwa nafasi zimejaa, na mara ya pili kwamba "tulijua una madarasa mengi."

Kwenye chumba cha walimu, saa nne ya chai, mazungumzo yalikuwa yakikatika akiingia. Aliacha kwenda. Akawa anakunywa chai ya chupa ofisini, mlango umefungwa.

Nikiulizwa siku gani hasa jambo hili lilivuka mpaka, nitataja ya msiba. Rehema alifiwa na baba yake. Kila mwezi alikuwa akikatwa mchango wa mfuko wa rambirambi wa idara, na hakuwahi kukosa. Alimpigia simu mkuu wa idara kuomba ruhusa, akapewa hapohapo, tena kwa maneno ya pole. Alizika. Kijijini walifika majirani wa chuoni, walimu wa kitivo kingine, na mhudumu wa ofisi aliyepanda basi kwa nauli yake. Wa idara yake walikuwa wawili, na hao nao walikuja kila mtu kwa njia yake. Rambirambi ya idara haikufika. Aliporudi alimuuliza mweka hazina, akajibiwa kwa upole kabisa: "Pole sana dada. Utaratibu wetu ni mfiwa au mtu wake wa karibu aweke tangazo kwenye grupu, ndipo tuchange. Hatukuona tangazo."

Jibu hilo halina tusi hata moja. Utaratibu upo kweli, na mweka hazina aliufuata. Ila kila aliyelipa mchango kwa miaka anajua kwamba kwetu msiba wa mwenzako ukikupita bila hata kufika kutoa mkono wa pole, umemwambia jambo ambalo usingethubutu kulitamka mbele yake.

Tangu hapo Rehema mwenyewe alianza kubadilika. Aliacha kuhudhuria vikao vya idara. Barua pepe zake zikawa kali, na moja aliipeleka moja kwa moja kwa naibu makamu mkuu wa chuo upande wa taaluma, akimruka amidi. Alianza kuwakaripia wanafunzi kwa mambo madogo. Alama za masomo mawili alizichelewesha, na kwa hilo akaandikiwa onyo la maandishi. Hiyo ndiyo ikawa karatasi ya kwanza kuingia kwenye jalada lake kuhusu mwaka ule mzima.

Mwili nao ulikuwa unalalamika. Moyo ulimwenda mbio usiku, tumbo likamuwaka, kichwa kikamgonga tangu asubuhi. Alipimwa malaria, akapimwa taifodi, akatibiwa vidonda vya tumbo, akapewa ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika, ya siku tano, akarudi kazini akiwa vilevile. Daktari wa tatu ndiye aliyemuuliza analala saa ngapi na anaamka saa ngapi. Rehema alianza kujibu, akalia. Akajazishwa hojaji ya maswali tisa ya PHQ-9, ya kupima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ambayo alama zake huanzia 0 hadi 27, na kuanzia 10 mtoa huduma hutakiwa kuangalia kwa makini. Yeye alipata 16. Daktari alizungumza naye kwa kirefu kabla ya kuandika kwamba ni sonona, akamwanzishia dawa na kumpeleka kwa mwanasaikolojia.

Maamuzi na sababu zake

Hatua ya kwanza aliichukua Rehema mwenyewe, kabla ya ugonjwa kujulikana: alimfuata mkuu wa idara ofisini. Kwa maelezo ya Rehema, jibu lilikuwa "unajitenga mwenyewe." Mkuu wa idara anakumbuka tofauti kidogo. Anasema alimshauri ajichanganye na wenzake, na kwamba grupu lile jipya lilikuwa la marafiki, si la ofisi, hivyo hakuwa na mamlaka ya kumwingiza mtu.

Hatua ya pili ilikuwa ya amidi. Aliitisha kikao cha suluhu. Sababu yake inaeleweka: hakutaka jambo lifike utawala wa juu, na aliamini watu wazima wakikaa pamoja huyamaliza. Aliita profesa mmoja mstaafu anayeheshimiwa na walimu wawili wa umri mkubwa. Rehema na mwalimu wa lile somo wakakalishwa uso kwa uso. Mzee akasema, "Mwanangu, kazini ni kama nyumbani, vikombe haviachi kugongana." Kila mmoja akaombwa amsamehe mwenzake, wakapeana mikono, soda zikanywewa. Ratiba, fildi, uzamili na grupu havikutajwa kabisa.

Hatua ya tatu ilikuja kupitia katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Huyu alisikiliza, kisha akakataa kuandika malalamiko yenye neno "kutengwa." Rehema aliudhika na uamuzi huo, lakini sababu zake zinafaa kuelezwa kwa kirefu.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi, na kinauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Lakini lazima unyanyasaji huo uwe na mzizi katika moja ya misingi iliyoorodheshwa: kabila au mahali mtu anakotoka, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri na mingineyo ya aina hiyo. Aliyetengwa kwa sababu aliuliza vitabu vya majibu haonekani kwa urahisi kwenye orodha ile. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, ni mpana zaidi: unaangalia madhara, yakiwemo ya kisaikolojia, bila kumdai mlalamikaji aoneshe kwanza kwamba amebaguliwa kwa msingi fulani. Katibu alikuwa na sheria ya nyumbani mkononi, na kwa sheria hiyo neno "kutengwa" lingemrudisha Rehema kwenye mjadala wa nani anampenda nani.

Kulikuwa pia na mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 60, na wa kuachishwa ndani ya siku 30. (Hapa nazungumzia chuo binafsi. Mtumishi wa umma hutakiwa kwanza kumaliza njia za rufaa za utumishi wa umma.) Cha ajabu ni kwamba mtu aliyeamua kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike anatambuliwa na sheria hiyohiyo kama aliyeachishwa. Kwa hiyo aliyeshindwa na kuondoka ana njia iliyonyooka kuliko anayetaka kubaki. Rehema alitaka kubaki.

Basi katibu akamwambia aandike daftari: tarehe, jambo, waraka unaothibitisha. Mambo ya chai na macho ya watu yaachwe nje. Kutokana na daftari hilo yakatoka maombi matatu kwa amidi. La kwanza, matangazo yote ya kazi yatumwe kwa barua pepe ya chuo na kubandikwa ubaoni. La pili, mgawanyo wa masomo, wanafunzi wa tasnifu na safari za fildi uandikwe pamoja na vigezo vyake. La tatu, onyo la kuchelewesha alama lipitiwe upya kwa kuzingatia idadi ya vitabu alivyosahihisha ukilinganisha na wenzake.

Hatua ya nne ni likizo ya ugonjwa. Sheria inampa mfanyakazi hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Daktari alishauri wiki nne. Rehema alikataa kwa muda mrefu akiogopa kuitwa mgonjwa wa akili, kisha akakubali. Cheti kilipelekwa ofisini mkononi, kikiwa wazi, kikapita meza tatu kabla ya kufika rasilimali watu. Kabla ya wiki kwisha, wanafunzi walikuwa wanaulizana kama dokta "amechanganyikiwa."

Amidi alipoyapata maombi matatu aliagiza apewe mgawanyo wa kazi wa mihula minne. Alipoupanga kwenye karatasi moja aligundua kwamba walimu wengine wawili wa idara ileile, vijana wasiosema, walikuwa na mzigo kama wa Rehema na hawakuwahi kwenda fildi. Hapo ndipo alipoacha kuliona jambo hili kama ugomvi wa watu wawili. Aliupeleka mgawanyo kwa kamati ya walimu watatu wanaobadilishana kila mwaka, akaamuru fildi iende kwa zamu, na matangazo yapite barua pepe.

Matokeo

Mwaka mmoja baadaye Rehema alikuwa na somo moja la uzamili na wanafunzi wawili wa tasnifu. Usingizi umerudi, dawa zimesimamishwa kwa ushauri wa daktari, kwa mwanasaikolojia anakwenda mara mojamoja. Wale walimu vijana wawili walikwenda fildi kwa mara ya kwanza.

Onyo halikufutwa, lilibaki jaladani hadi muda wake ulipokwisha. Mkuu wa idara alimaliza kipindi chake bila kusema neno kuhusu suala hilo. Chumba cha chai kimebaki baridi, ingawa walimu wawili sasa humfuata ofisini. Mfuko wa rambirambi ulibadilisha utaratibu: ruhusa ya msiba ikitoka kwa mkuu wa idara, mweka hazina anaarifiwa moja kwa moja. Rambirambi ya baba yake ililetwa miezi saba baada ya mazishi, kwenye bahasha. Aliipokea na kuipeleka msikitini kwao.

Uchambuzi

Nianze na suluhu, kwa sababu najua wengi watanipinga. Kikao kile kilidhuru. Kabla yake, Rehema alikuwa na hoja za kazi. Baada yake alikuwa mtu aliyesamehe, na kila alipolalamika tena aliulizwa, "Si mlishapatana?" Suluhu ni chombo kizuri pale watu wawili wamekoseana. Hapa mgawanyo wa masomo na safari ulikuwa mikononi mwa ofisi, na ofisi haikukaa kwenye kile kiti cha kuombana radhi. Wazee walifanya kazi waliyoitiwa, na waliyoitiwa haikuwa yenyewe.

Upande wa mkuu wa idara una ukweli wake pia, na tawi lilikosea kuupuuza mwanzoni. Rehema kweli alijitenga, alimruka amidi, alichelewesha alama. Ila ukizipanga tarehe za daftari, yote hayo yanafuata baada ya ukumbi, ratiba, fildi na msiba. Heinz Leymann, mtafiti aliyefanya kazi Uswidi na kuanza kuandika kuhusu mambo haya miaka ya 1980, aliona mfuatano huohuo. Kwake, tendo moja halikutosha. Aliweka kipimo cha matendo yanayojirudia angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa angalau miezi sita, na alieleza jinsi utawala unavyoingia mwishoni, wakati mhusika ameshaharibika, ukaichukua hali aliyonayo kuwa ndiyo tabia yake ya tangu zamani. Onyo lililoandikwa kwa Rehema linaangukia hapo. Ofisi iliyolitoa haikuhesabu vitabu.

Kwa nini ukimya uumize kiasi kile, wakati hakuna aliyemtukana? Mwanasaikolojia Kipling Williams anasema anayepuuzwa hupigwa mahali panne kwa mpigo: kuwa sehemu ya watu, kujithamini, kuwa na usemi juu ya mambo yake, na kuona kwamba kuwepo kwake kuna maana. Anayegombezwa walau anajibizana na mtu. Ukumbi uliohamishwa ulimnyima Rehema usemi, na msiba ulimnyima karibu yote manne. Kuna jambo la chuo kikuu hapa ambalo viwandani halipo kwa kiasi hicho: mhadhiri hufanya kazi zake nyingi peke yake, kwa hiyo kutengwa kwake hakusimamishi kazi ya mtu. Madarasa yanaendelea, matokeo yanatoka, na ukaguzi unapita bila kuona kitu.

Daktari alifanya vizuri kutoandika "uchovu wa kazi" akaishia hapo. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, linauelezea uchovu huo kama hali itokanayo na msongo sugu wa kazini uliokosa kushughulikiwa, na haliuhesabu kuwa ugonjwa. Angeandika hivyo tu, sonona isingetibiwa. Na tawi nalo lilifanya vizuri kutotumia sonona kama ushahidi. Maombi matatu yangesimama hata kama Rehema angekuwa mzima wa afya, na kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kusema kwamba yametoka kwenye kichwa kisichotulia. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki.

Siri ya cheti ilivuja kwa uzembe wa kawaida, na ndiyo ingekuwa rahisi kuliko yote kuizuia: bahasha iliyofungwa, jina la mpokeaji mmoja. Ofisi inahitaji kujua siku za kutokuwepo. Mengine ni ya mgonjwa na daktari wake.

Walimu wanane waliobaki wa idara hawajazungumzwa, na wao ndio kundi kubwa. Wawili waliosafiri kwenda msibani walimweleza katibu kwamba walijua kila kitu tangu mwezi ule wa mwanzo, wakaogopa kukosa fildi. Hofu hiyo iliondoka pale fildi ilipoanza kwenda kwa zamu, na hapo ndipo wakaanza kumtembelea. Hakuna semina ya maadili iliyofanyika katikati.

Lililobaki bila ufumbuzi ni muda uliopotea. Rehema aliomba kupandishwa cheo na ombi likarudi kwa upungufu wa wanafunzi aliowasimamia. Fomu ya kamati ina safu ya idadi, haina mahali pa kueleza kwamba mwombaji hakupangiwa. Tawi limeandika kwa kamati kupendekeza mihula ile isihesabiwe. Hadi kisa hiki kinaandikwa, barua hiyo haijajibiwa.